Kisanduku cha Meza Namba Sita

Tarehe 2 Machi

Kaka,

Afya zetu hapa ni nzuri. Mengine yote si mazuri, kwa hiyo kaa kitako kwanza ndipo usome.

Matokeo yametoka jana. Ya Kadogo hayakutoka. Mbele ya namba yake wameandika "Yamezuiliwa". Leo asubuhi mkuu wa shule ameniita ofisini akanionyesha barua ya Ofisi ya Mitihani. Nimenakili sehemu inayomhusu mwanao, neno kwa neno:

"Katika mtihani wa fizikia kwa vitendo, swali la pili, watahiniwa sita kati ya saba waliotumia meza namba sita, kila mmoja kwa zamu yake, wameandika vipimo vya kondakta X vinavyokaribiana mno. Vipimo hivyo havilingani na karatasi ya vipimo iliyoletwa na shule, wala na vya meza nyingine. Mtahiniwa mmoja aliyebaki, wa saba, peke yake ndiye ambaye vipimo vyake vinalingana kabisa na karatasi ya shule. Ofisi inaona kwamba vipimo vya uongo vilipitishwa kutoka zamu hadi zamu, na chanzo ni mtahiniwa wa zamu ya kwanza."

Zamu ya kwanza, meza namba sita, alikuwa Kadogo.

Shule ikishindwa kutoa maelezo ya kuridhisha kabla ya tarehe 31, sita hao watafutiwa matokeo yote, na aliye chanzo atafungiwa mitihani kwa miaka mitatu.

Swali lenyewe ni jepesi. Kondakta X, yaani waya wa kupitisha umeme, anawekwa ndani ya kisanduku cha mbao kilichofungwa, chenye skrubu mbili juu za kuunganishia waya. Mtahiniwa anaupandisha mkondo kidogo kidogo, kutoka sehemu mbili za kumi za ampea hadi ampea moja, na kila hatua anasoma volti. Kisha anarudia kwa kondakta Y, ambaye ni balbu ndogo ya tochi. Anachora grafu mbili na kueleza tofauti. X anatakiwa kutoa mstari ulionyooka, balbu mstari uliopinda. Hao sita, X wao amepinda kama balbu.

Vifaa nilivipanga mimi na nilivipima mimi. Vilikuwa sawa.

Kadogo hajala tangu jana mchana. Nikimuuliza anajibu sentensi moja tu, "Niliandika nilichokiona." Mwanangu Mrefu amefaulu vizuri, lakini nyumba ilivyo sasa hata kumpongeza naona aibu. Usipige simu. Chumba changu na chao vimetenganishwa na ubao, anasikia kila neno.

Dada yako,
wa maabara


Tarehe 6 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli. Simu nisingepiga hata kama ungeniomba. Simu ni ya salamu. Mambo ya namba yanataka karatasi.

Mama Kadogo anasema mwanawe hawezi kudanganya kwa sababu hata akiiba sukari huacha kijiko ndani ya kopo. Huo si ushahidi, lakini amesisitiza niuandike, na mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja.

Sasa kazi. Nataka vipimo vya Kadogo, vyote vitano. Nataka na vya kwako, vile ulivyopeleka Ofisini kwenye karatasi ya shule. Nataka kujua mtahiniwa wa saba ni nani. Na nataka kisanduku chenyewe, kile cha meza namba sita, ukifunge kwenye kitambaa unitumie kwa lori la mizigo. Hapa karakana tuna benchi la kupimia mita za umeme, na hakuna saa wala kipimo katika mji huu kinachosema kweli kuliko benchi langu. Nikikipima nitajua kama mwanangu aliona alichoandika au aliandika asichokiona.

Kuna neno moja kwenye barua ya Ofisi linanikera. "Kabisa." Nimepima mita kwa miaka ishirini na sita. Mita moja, benchi moja, mkono wangu huu huu, nikipima asubuhi na kurudia mchana, tarakimu ya mwisho haikai pale pale. Huyu wa saba alilinganaje na karatasi yako "kabisa"?

Usimlazimishe kula. Muwekee chakula mezani uondoke, atakula akiona hakuna anayemtazama. Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo.

Kaka yako,
Fundi Mita


Tarehe 10 Machi

Kaka,

Umesema kweli kuhusu chakula. Nilitoka kwenda kuanua nguo, nikarudi sahani imekwisha.

Vipimo hivi hapa. Mkondo ukiwa 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.0, Kadogo aliandika volti 1.02, 2.11, 3.32, 4.79 na 6.48. Karatasi ya shule inasema 0.99, 2.01, 2.98, 4.02 na 5.01. Wewe unaona mwenyewe. Wa kwangu ana ukinzani wa omu tano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wa kwake anaanza na omu tano na anamaliza na sita na nusu.

Wa saba simkumbuki. Watahiniwa walikuwa arobaini na mmoja, meza sita, zamu saba kwa siku mbili, na kwenye karatasi za Ofisi wanaandikwa kwa namba tu. Orodha ya ukaaji iko kwa mkuu wa shule.

Kisanduku nitakituma. Stoo ya maabara inahesabiwa vifaa wiki hii na siwezi kukitoa mpaka wamalize.

Kuna kitu Kadogo alikiandika chini ya grafu yake ambacho kimewaudhi kule Ofisini. Mkuu alinisomea. Swali lilikuwa, "Eleza tofauti kati ya X na Y." Wenzake waliandika kwamba X ananyooka na Y anapinda. Yeye ameandika, "Sikuona tofauti. Wote wawili hupata joto. Kisanduku cha X kilikuwa cha moto nilipokigusa." Msahihishaji ameweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu na pembeni ameandika, "Anajitetea kabla hajashtakiwa."

Dada yako,
wa maabara


Tarehe 13 Machi

Mdogo wangu,

Lori la jana limekuja. Nimesimama pale mpaka kifurushi cha mwisho kimeshushwa. Wametoa godoro, matairi mawili na kuku wa mtu. Kisanduku hakipo.

Zimebaki siku kumi na nane. Kuhesabu stoo ya shule hakuchukui wiki. Nimewahi kuiona stoo yenu. Ina rafu nne, na moja imejaa chupa tupu.

Kitume.

Fundi Mita


Tarehe 15 Machi

Kaka,

Kisanduku nimemkabidhi dereva wa lori mkononi, kimefungwa kwenye taulo la kijani. Kina namba 6 ya rangi nyeupe juu ya kifuniko.

Nakuomba kitu kimoja. Ukikuta kiko sawa, usimwandikie mtoto kwa hasira. Niandikie mimi kwanza.

Dada yako


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Nimekipima kisanduku mara tatu kwa siku mbili, na mara ya tatu nimemwita mwenzangu wa benchi la pili asome yeye bila kumwambia ninachotafuta. Tumepata 1.00, 2.00, 3.01, 4.00, 5.01. Nimekiacha kwenye ampea moja kwa nusu saa nzima. Mstari umenyooka. Kilikuwa vuguvugu tu, na volti haikutikisika.

Kisanduku hiki hakiwezi kutoa 6.48. Hakiwezi leo na hakikuweza mwezi wa kumi.

Nilitaka nikute kosa. Sina haja ya kukuficha hilo. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya barua ya kwenda Ofisini kuwaeleza kwamba kifaa kilikuwa kibovu. Nimeichana.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Kadogo. Najua uliniomba nisimwandikie. Mpe.

Kaka yako,
Fundi Mita


Tarehe 19 Machi

Kadogo,

Kisanduku cha meza yako kimefika kwangu. Nimekipima kwenye benchi ambalo wewe ulikuwa ukikalia pembeni yake ukiwa na miaka sita, ukihesabu mizunguko ya sahani za mita. Kimenyooka. Vipimo ulivyoviandika havikutoka ndani yake.

Sitakuuliza ulivitoa wapi. Nakuuliza kwa nini. Ungekosea nisingesema neno, mimi mwenyewe nilirudia darasa. Lakini kuandika namba usizoziona, kisha ukaongeza kwamba kisanduku kilikuwa cha moto ili uongo upate miguu, hilo sikulitegemea kwako. Mama yako sijamwambia. Anaendelea kuniuliza kuhusu lori, namwambia halijafika, kwa hiyo sasa hata mimi umenifanya mwongo.

Una siku chache. Kama kuna mwingine aliyekupa namba hizo, mtaje kwa mkuu wa shule ili adhabu ya chanzo isikuangukie peke yako.

Baba yako


Tarehe 22 Machi

Baba,

Shikamoo.

Shangazi alinipa barua yako akatoka nje. Alikaa kwenye ngazi mpaka nikamaliza kusoma, kisha akaniuliza kama nataka chai. Nilimwambia sitaki, akachemsha hivyo hivyo.

Ulichokipima sicho nilichokitumia. Sisemi hivyo kujitetea. Nilichokitumia mimi skrubu yake ya kushoto ilikuwa na mfuo uliokatika upande, bisibisi ilikuwa inateleza, nikaikaza kwa kucha mpaka ukucha ukavunjika. Msimamizi aliona, akaniuliza kama naomba plasta. Itazame skrubu ya kushoto ya hicho ulicho nacho.

Na kilikuwa cha moto. Nilipofika 0.8 volti ilikuwa inapanda yenyewe wakati mkono wangu umetulia. Nilisubiri itulie ndipo nikaandika, kama unavyofanya wewe. Nilijua kitabu kinasema X atanyooka. Sikuwa mjinga, Baba. Ningeweza kuandika moja, mbili, tatu, nne, tano nikatoka mapema. Nilifikiri swali limetegwa makusudi, kwamba wanataka kuona nani anasoma kipimo na nani anasoma kitabu. Nilitoka nimefurahi.

Umesema kama kuna mwingine nimtaje. Hakuna aliyenipa namba. Lakini kuna jambo nilikuwa sijalisema, kwa sababu naishi humu, naamka humu na chai yangu inachemshwa humu.

Siku ya kwanza ya mtihani, jioni, Mrefu aliniuliza X alikuwa ngapi. Yeye zamu yake ilikuwa ya tano, kesho yake, meza namba sita kama mimi. Nilimwambia sheria inakataza, sisemi. Akacheka. Akaniambia, "Kaa nazo, Bi Sheria. Mimi ninazo, tena zenye desimali." Nilidhani ananitania tu. Matokeo yalipotoka nikajua hakuwa akitania.

Yule wa saba wa barua ya Ofisi ni Mrefu.

Usimkasirikie Shangazi mpaka umeitazama skrubu.

Mwanao,
Kadogo


Tarehe 25 Machi

Mdogo wangu,

Skrubu ya kushoto ni nzima. Ya kulia pia ni nzima.

Nimeikwangua namba 6 kwa wembe. Rangi ilikuwa bado laini kwa chini. Chini yake kuna namba 5, ya zamani, imekauka vizuri. Nimekifungua kisanduku. Waya wa ndani ni konstantani, ile aloi ya shaba na nikeli ambayo ukiipasha moto ukinzani wake haubadiliki, ndiyo maana mnaitumia. Ni kisanduku kizuri, kimetengenezwa na mtu anayejua kazi. Ni cha meza namba tano.

Umenipa kisanduku cha meza nyingine nikakitumia kumwita mwanangu mwongo kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nimetembea kutoka karakana hadi nyumbani na kurudi kabla ya kushika kalamu hii, ili nisiandike ya kwanza yaliyonijia. Ninayoandika sasa ni ya pili.

Najua wa saba ni nani. Kwa hiyo najua kwa nini ulimsahau. Ukiwaambia Ofisi kweli kuhusu kisanduku cha sita, watakipima, watakuta kimepinda, na wale sita watakuwa wasafi. Lakini hapo hapo watamwona mmoja aliyekaa kwenye kisanduku kilichopinda akaandika mstari ulionyooka wenye desimali zako. Hilo halihitaji mtu wa kuwaonyesha. Ukimtoa Kadogo shimoni, nafasi yake inachukuliwa na mwanao. Nimeligeuza kila upande na sijaona upande wa tatu.

Mrefu ni mtoto wangu pia. Alipozaliwa mimi ndiye niliyemleta nyumbani, mumeo alikuwa safarini. Sikuandikii kana kwamba namhesabu wa nje.

Lakini sitanyamaza. Kisanduku cha namba tano kiko kwenye kabati langu na ufunguo uko mfukoni. Nitasubiri mpaka tarehe 29 nione barua yako. Tarehe 29 jioni nitaandika Ofisini mimi, na nitaandika na rangi niliyoikwangua.

Fundi Mita


Tarehe 27 Machi

Kaka,

Nimepokea. Nakuandikia yote, na nakala ya barua yangu kwenda Ofisini iko ndani ya bahasha hii hii. Imeshaondoka leo asubuhi, kabla sijaanza kukuandikia wewe, ili nisije nikamaliza ya kwako nikaogopa ya kwao.

Wiki mbili kabla ya mtihani visanduku vilikuwa vitano. Cha sita wanafunzi wa mwaka wa nyuma walikiunguza. Konstantani ilikuwa imekwisha, niliomba tangu mwezi wa saba, nikajibiwa kila mara kwamba iko njiani. Nikatengeneza cha sita kwa waya mwembamba wa chuma, ule wa kufungia mafagio. Nilikata mita tatu na kidogo, nikauzungusha kwenye kadi yenye meno ili usijiguse, nikawa napunguza urefu nikipima kwa mita ya mkono mpaka ikasoma omu tano kamili. Nilijisifu, Kaka. Nilimwonyesha mwalimu wa fizikia. Akasema omu tano ni omu tano.

Wewe unajua kosa letu. Mita ya mkono hupima kwa mkondo mdogo usioweza kupasha hata unywele joto. Inapima waya uliolala. Chuma kikipitishiwa ampea moja ndani ya kisanduku kilichofungwa, kinapata moto, na kikipata moto ukinzani unapanda. Najua hivyo. Nimewaandalia wanafunzi jaribio hilo hilo miaka kumi na mmoja. Sikuliunganisha na kisanduku changu.

Karatasi ya vipimo inataka kila meza ipimwe hatua zote tano. Meza ya kwanza hadi ya tano nilizipima. Ya sita sikuipima. Niliandika kwamba zote zinalingana na wastani wa zile tano, kisha nikatia sahihi kwamba nimepima zote sita.

Siku barua ya Ofisi ilipofika nilirudi maabara nikakipima cha sita peke yangu. Nilipata namba za Kadogo. Ndipo nikakuandikia kwamba vifaa vilikuwa sawa. Nilidhani nitapata njia ya kulisema taratibu, lisiguse kazi yangu wala mtu. Uliposema nitume kisanduku nikapaka rangi. Sikufikiri utampiga mtoto kwa namba zangu, ingawa ni wewe, na nilipaswa kujua.

Karatasi ya vipimo niliileta nyumbani kuinakili kwa mwandiko safi. Nilitandaza karatasi kwenye meza nzima ya kulia. Sikumwonyesha mtu. Lakini niliposoma neno "kabisa" nilielewa siku hiyo hiyo. Mrefu sijamuuliza.

Kwenye barua ya Ofisini nimeandika habari za kisanduku. Ya Mrefu sikuandika.

Dada yako


(Nakala)
Tarehe 27 Machi

Kwa Ofisi ya Mitihani, Kitengo cha Masomo ya Vitendo

YAH: KISANDUKU CHA KONDAKTA X, MEZA NAMBA SITA

Mimi ni msimamizi wa vifaa vya maabara katika shule iliyotajwa kwenye barua yenu. Kisanduku cha meza namba sita kilikuwa na waya wa chuma badala ya konstantani. Nilikitengeneza mimi. Sikukipima hatua zote tano kama maelekezo yanavyotaka, na tamko nililotia sahihi kwamba nilikipima si la kweli.

Nilikipima baadaye, tarehe 2 Machi. Kwa mkondo wa 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.0, volti zilikuwa 1.01, 2.12, 3.33, 4.80 na 6.50. Watahiniwa sita mnaowatuhumu waliandika kile walichoonyeshwa na kifaa. Hawakupeana kitu.

Kisanduku kiko stoo, kimefungwa kwa karatasi na sahihi ya mkuu wa shule. Naomba mtu wenu aje akipime mwenyewe.

Msimamizi wa Vifaa vya Maabara


Tarehe 31 Machi

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako na nakala. Kadogo nimemwandikia. Niliyomwandikia ni kati yangu na yeye.

Nakala yako ni sahihi kwa kila kilichomo. Kwa kile kisichokuwamo, bado najiuliza mimi ningefanyaje.

Ila jiandae. Anayekuja kupima kisanduku hatapima kisanduku tu. Mimi nikitumwa kukagua mita moja iliyolalamikiwa, huwa naisoma mitaa yote miwili ya jirani.

Mama Kadogo anakusalimu. Sasa anajua yote. Alisema maneno mengi juu yako, nami sitayaandika, kisha akauliza kama Mrefu anakula.

Kaka yako,
Fundi Mita


Tarehe 9 Aprili

Kaka,

Mkaguzi alikuja jana. Nilitegemea mtu mkali, akaja mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na begi la vifaa vyake mwenyewe. Alikataa kutumia vyetu.

Lazima nianzie siku moja nyuma. Juzi jioni nilimwita Mrefu jikoni nikamuuliza. Hakukana. Aliniambia, "Uliiacha mezani, Mama. Ilikuwa imekaa pale kama menyu." Nikamwambia mkaguzi anakuja kesho. Akasema jambo ambalo nilikuwa nimeshalijua, kwa sababu nami nilikuwa nimeusoma mwongozo wa adhabu. Aliyetoa karatasi nje hufutiwa yote na hufungiwa miaka mitatu. Aliyeonyeshwa tu hufutiwa somo hilo moja. "Mwambie Kadogo ndiye aliyeniletea," alisema. "Yeye jina lake limeshachafuka. Mjomba atampeleka kwenye karakana yake, atapata kazi. Mimi nina nini?"

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayegawa vyumba. Na mimi, Kaka, sikumkemea. Nilimwambia akalale. Nilikaa pale nikihesabu.

Asubuhi mkaguzi alikipima kisanduku cha sita mbele yangu na mkuu wa shule. Kila hatua alisubiri dakika tatu kwa saa. Alipata 1.02, 2.12, 3.31, 4.79, 6.49. Alizipanga karatasi za wale sita pembeni ya karatasi yake, akazipitisha kidole moja baada ya nyingine, akasema, "Hawa wamesoma vizuri." Basi. Wiki tano za mambo haya zikaisha kwa sentensi hiyo. Mkuu wa shule akaanza kukusanya vikombe vya chai.

Mkaguzi hakuinuka. Alitoa karatasi ya saba akailaza pembeni ya ile yangu ya shule. 0.99 na 0.99. 2.01 na 2.01. Alizisoma zote kwa sauti, taratibu. Kisha akamwomba mkuu atupishe.

"Hizi hazikutoka kwenye kisanduku," aliniambia. "Hata kingekuwa cha konstantani, zisingefanana hivi. Karatasi yako ilitoka nje ya maabara."

Nikamwambia niliipeleka nyumbani.

"Nyumbani kwako wanaishi watahiniwa wawili. Nimeona kwenye fomu. Aliyeziandika ni wa zamu ya tano. Nisichokijua ni nani aliyeichukua. Kama ni yeye mwenyewe, au ni huyu wa zamu ya kwanza aliyemchukulia." Alisafisha miwani yake. "Isipojulikana, naandika haikujulikana. Na isipojulikana, wanafungiwa wote wawili. Sikutishi. Ndivyo mwongozo ulivyo."

Alikuwa na fomu, na sehemu ya jina haikuwa na kitu. Aliniuliza tena, kwa upole ule ule, kama namjua aliyeichukua.

Nilimwambia aliichukua yeye mwenyewe wa zamu ya tano, kwenye meza ya kulia, mimi nikiwa nje, na hakuna aliyempa. Nilimwambia wa zamu ya kwanza ni mtoto wa kaka yangu na hakuiona karatasi hiyo.

"Na huyu wa tano ni nani kwako?"

Nikamwambia ni mwanangu.

Aliinua kichwa akanitazama. Akaniuliza kama nina uhakika na ninachokisema. Nilimtajia namba ya mtihani ya Mrefu, tarakimu baada ya tarakimu, pole pole ili asikosee, naye akaiandika.

Dada yako